Vifaa vya Fundi wa Faiba: Kutoka Mwamba wa Kaole Hadi Uzi wa Kioo

Uzi wa faiba ni kioo safi chenye kipenyo cha maikromita 125, yaani sehemu ya nane ya milimita moja. Mwanga unaobeba mawasiliano hausafiri katika kioo chote, bali katika kiini chake chenye upana wa maikromita tisa hivi. Kipimo hicho ndicho kinachoamua vifaa vyote vya kazi hii. Waya wa telegrafu uliotandazwa mwaka 1890 kuunganisha Zanzibar, Bagamoyo na Dar es Salaam ulikuwa wa shaba, na shaba ina uvumilivu: ikipinda, umeme unapita, ikikatika, husokotwa, hulehemiwa, na kazi inaendelea. Kioo hakina uvumilivu huo. Viini viwili vikipishana kwa maikromita mbili tu, sehemu ya mwanga hupotea palepale.

Mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaipokea na kuisambaza bara. Tangu hapo sehemu kubwa ya kazi imebaki nchi kavu, na nchi kavu inaanza na udongo. Mwambao wa Bagamoyo una ardhi za namna tatu ndani ya mwendo mfupi: mchanga, mwamba wa matumbawe na tope la mikoko. Kila moja ina vifaa vyake; hapa tunaangalia mbili za kwanza.

Kwenye mchanga, jembe na chepe vinatosha, ila kuta za mtaro huporomoka upesi na huhitaji kuzuiwa kwa mbao pale kina kinapozidi mita moja. Kwenye mwamba, jembe halifai kitu. Mawe yaliyojengea msikiti na makaburi ya Kaole, magofu yaliyo karibu na Bagamoyo, tangu karne ya 13 ni matumbawe ya pwani hiyohiyo, na mwamba wa asili hiyo hukutwa wakati mwingine kina kidogo tu chini ya mchanga. Hapo hutumika sururu, mtaimbo na nyundo ya umeme au ya upepo. Mwamba ukikataa kabisa, mtaro huachwa uwe wa kina kifupi na bomba hufunikwa kwa zege. Bomba la chuma huonekana imara zaidi, lakini chumvi ya pwani hulila. Plastiki nzito yenye zege juu yake ni chaguo bora.

Mashine ya kutoboa kwa ulalo, inayopitisha bomba chini ya barabara au kijito bila kuchimba mtaro, hufanya kazi nzuri kwenye udongo ulioshikamana. Husukuma tope maalumu la udongo wa bentonaiti ili kuta za tundu zisimame. Matumbawe, hata hivyo, yana mapango na nyufa, na tope hilo huweza kuvujia humo likapotea. Mkandarasi aliyezoea udongo wa bara hushangazwa na jambo hili, na mshangao huo una gharama.

Eneo lenyewe la magofu ni habari nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Kaole ni kongwe kuliko hapo kwa karne kadhaa. Karibu na mahali pa namna hiyo kifaa cha kwanza ni ramani, cha pili ni kibali, na mashine za kuchimbia hubaki mbali.

Kabla ya kufukia, vitu viwili vya bei ndogo huwekwa juu ya bomba: utepe wa tahadhari na waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Waya huo haubebi mawasiliano yoyote. Umewekwa kwa sababu kioo na plastiki havionekani kwa vyombo vya kutafutia nyaya ardhini; bila chuma kidogo cha kumwashiria, fundi wa miaka ijayo atapita juu ya kebo asijue. Greda la barabara nalo litapita.

Bomba likiwa chini, kebo haiingizwi moja kwa moja. Kwanza hupitishwa kipande cha kupimia chenye kipenyo pungufu kidogo ya tundu la bomba, ili kuthibitisha kwamba hakuna mahali palipobonyea. Kisha kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuvuta kwa kamba, na hapo panatakiwa soksi ya waya inayobana kebo, kiungo kinachozunguka ili msokoto wa kamba usihamie kwenye kebo, na kipima mvuto. Kebo nyingi za nje huruhusu mvuto wa nyutoni 2,700 hivi, na kikundi cha vijana wenye nguvu kinaweza kuzidisha hapo bila kujua. Kebo huvutwa kwa kushika nyuzi zake za aramidi au waya wa katikati, si gamba la nje. Ikivutwa, mpindo wake usiwe na nusu kipenyo pungufu ya mara 20 ya unene wa kebo. Ikishatulia, mara 10. Pale kebo inapotolewa katikati ya njia, hulazwa chini kwa umbo la nane ili isijisokote.

Njia ya pili ni kupuliza. Kompresa husukuma hewa ndani ya bomba huku magurudumu ya mashine yakiisukuma kebo, na kebo huelea kwenye hewa hiyo kwa kilomita moja au mbili bila kuvutwa. Pwani kuna tatizo ambalo orodha nyingi za vifaa hazilitaji: hewa ya Bagamoyo ina unyevu mwingi, na ikibanwa hupata joto, kisha ikipoa ndani ya bomba humwaga maji. Gamba la kebo hulainika, hushika kuta, na safari inaishia njiani. Kompresa yenye kipoza hewa na chombo cha kutenga maji si anasa hapa.

Kebo ikishafika kwenye chemba, vifaa vinakuwa vidogo na masharti yanakuwa makubwa. Gamba la nje huchanwa kwa kisu cha ndoano au kwa uzi wa kuchania uliofichwa ndani ya kebo. Aramidi hukatwa kwa mkasi wake maalumu. Mkasi wa kawaida huitafuna tu. Mafuta mazito yanayozuia maji ndani ya vibomba vinavyobeba nyuzi hufutwa kwa kiyeyushi, na hapo nyuzi huonekana kwa rangi zake 12, kuanzia buluu, chungwa, kijani na kahawia. Kisha huja koleo la kumenya. Tundu lake la ndani kabisa lina maikromita 140 hivi, nafasi ya kutosha kuondoa ngozi ya plastiki bila makali kugusa kioo. Mkwaruzo usioonekana kwa macho leo ndio ufa wa baadaye.

Uzi uliomenywa hufutwa kwa spiriti ya isopropili yenye usafi wa asilimia 99, kisha hukatwa. Hapa ndipo bajeti nyingi hukosea. Fedha huelekezwa kwenye mashine ya kuungia, na kikatio kikanunuliwa cha bei rahisi kwa kuwa kinaonekana kidogo. Kwa kweli kikatio ndicho kinachoamua ubora wa kiungo. Hakikati kama kisu: blade yake huchora mkwaruzo mdogo, kisha uzi hupindwa ukavunjika, kama fundi wa madirisha anavyochora kioo kwa almasi na kukivunja. Uso wa uzi unatakiwa uwe sawasawa, ukiinama pungufu ya digrii moja. Uso ulioinama au uliomegeka hauokolewi na mashine yoyote, iwe ya bei gani. Blade ya duara katika vikatio vizuri ina nafasi 16 za kuzungushwa kadiri kila sehemu inavyochakaa, na fundi makini huandika idadi ya mikato. Uzi ukishakatwa haufutwi tena.

Vipande vinavyobaki ni sindano za kioo zisizoonekana. Hukusanywa kwenye kichupa chenye kifuniko, juu ya kitambaa cheusi, na miwani ya kazi huvaliwa. Chakula hakiliwi mezani hapo.

Mashine ya kuungia huyeyusha ncha mbili kwa cheche ya umeme kati ya ncha mbili za chuma. Zipo za aina mbili. Aina ya kwanza hulinganisha magamba ya nyuzi kwa kuyalaza kwenye mifereji. Ya pili huangalia viini vyenyewe kwa kamera na kuvisogeza kwa mota hadi vikutane. Kwa kuunganisha nyumba na hoteli, ya kwanza inatosha. Kwa njia kuu, ya pili inastahili bei yake. Kiungo kizuri hupoteza desibeli 0.05 au pungufu. Cheche hubadilika kulingana na mgandamizo wa hewa, hivyo mashine iliyotoka Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, ikiletwa Bagamoyo lazima ipimwe cheche upya kabla ya kiungo cha kwanza. Upepo wa kusi nao huleta chumvi na chembe za mchanga, na chembe moja kwenye mfereji hutosha kuuinua uzi. Hema dogo au gari lililofungwa ni sehemu ya vifaa. Mwisho kiungo huvikwa mrija wenye kijiti cha chuma, unaosinyaa kwa joto. Mrija huo huvalishwa kwenye uzi kabla ya kuunga, na anayeusahau hukata na kuanza upya.

Viunganishi vya kuchomeka vina rangi: buluu kwa uso wa kawaida, kijani kwa uso ulioinama digrii 8. Vya buluu na vya kijani havioani, ingawa huingiliana vizuri kwa mkono. Hadubini ya mara 200 au 400 na kalamu ya kusafishia ni vifaa vya bei nafuu kuliko safari ya pili ya kutafuta tatizo. Katika mtandao wa majumbani wenye bajeti ya mwanga ya desibeli 28, kigawanyi cha nyumba 32 hula desibeli 17 hivi, zikabaki 11 kwa kebo, viungo na vumbi. Hadubini haiangalii kamwe uzi wenye mwanga: mwanga wa nanomita 1310 na 1550 hauonekani, lakini huweza kuunguza jicho. Kipima nguvu hutangulia. Tochi nyekundu ya nanomita 650, ambayo huufanya uzi uliopinda kung'aa mahali penye kasoro, ni ya njia fupi za kilomita chache na ndani ya visanduku.

Kipimo cha mwisho ni OTDR, chombo kinachotuma mpigo wa mwanga na kusikiliza unaorudi. Njia ya kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo, kwa nanomita 1550, hupoteza desibeli 14 kwenye kioo, kwa kadirio la 0.2 kwa kila kilomita. Kebo za kilomita nne nne huongeza viungo 17, yaani karibu desibeli 0.9. Kwa 1310 kioo peke yake hula zaidi ya 24. Chombo chenye uwezo mdogo hakitauona mwisho wa njia. Mpigo wa nanosekunde 10 hutenganisha mambo yaliyo mita moja hivi, lakini haufiki mbali. Wa maikrosekunde moja hufika, ila huficha mita 100 kwa mara moja. Kipimo kwa 1550 pamoja na 1310 hufichua mipindo, kwa kuwa mwanga wa mawimbi marefu huvuja kwenye mpindo kabla ya ule wa mafupi. Kila kiungo hupimwa kutoka pande zote mbili.

OTDR hutaja urefu wa kioo, si wa mtaro. Ndani ya kebo nyuzi huzunguka, na kwenye kila chemba huachwa mizunguko ya akiba, hivyo kioo ni kirefu kuliko njia kwa asilimia moja au zaidi: kwenye kilomita 30, ni mita 300 za kuchimba bure. Ndiyo maana gurudumu la kupimia na GPS huingia kwenye orodha ya vifaa tangu siku ya kwanza, na namba za mita zilizochapwa kwenye gamba la kebo huandikwa katika kila chemba. Kebo ikikatika, mafundi hufungua kiungo kilicho karibu zaidi na kasoro na kupima upya kutoka hapo, na kosa la mamia ya mita hupungua hadi mita chache.