Mwenza Wako Anataka Kuacha Kazi Akasomee Programu. Utamjibu Nini?

Mazungumzo haya yanasikika siku hizi katika nyumba nyingi za vijana, hasa ule muda watu wameshakula, sahani zimetolewa na televisheni inaongea peke yake. Mmoja anakohoa kidogo, anasema, "Mwenzio nimechoka na hii kazi. Nataka niache, nikasomee kuandika programu za kompyuta." Mwingine anakaa kimya. Halafu linakuja swali lisilo na utani hata kidogo: "Na kodi ya nyumba je?"

Kama bado hayajafika kwako, subiri tu, yanakuja. Na yakifika, usikimbilie kusema ndiyo kwa sababu unampenda, wala usikimbilie kusema hapana kwa sababu unaogopa. Hapo kuna fedha za nyumba na pengine kiwanja mlichoanza kukilipia. Kuna pia heshima ya mtu ambaye kila asubuhi anaamka kwenda kwenye kazi asiyoipenda.

Mtaani kuna kambi mbili. Ya kwanza inaamini kompyuta ni mkwanja wa haraka: unasoma miezi sita, unapata kazi ya kampuni ya Ulaya, unalipwa kwa dola ukiwa sebuleni kwako Sinza au Kasarani. Ya pili inasema mchezo umekwisha, akili mnemba inaandika programu yenyewe, kwa hiyo unayeanza leo unapoteza muda. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zinaangalia chombo na kusahau kazi ambayo chombo hicho kinafanya. Kazi za kompyuta zipo na zitaendelea kuwepo. Ila aliyeshika chombo tu, bila kujua anamfanyia nani nini, huyo ndiye wa kwanza kuambiwa asante na kwaheri.

Mlango wa wanaoanza umekuwa mwembamba

Tuanze na hiyo ndoto ya dola. Kampuni ya Andela ilianza mwaka 2014 jijini Lagos, baadaye ikafika Nairobi, Kampala na Kigali. Wazo lake lilikuwa tamu: chukua vijana wenye vipaji, wafundishe huku ukiwalipa, kisha waunganishe na kampuni za nje zinazohitaji watu. Vijana wengi waliomba nafasi chache. Lakini Septemba 2019 kampuni hiyohiyo ilitangaza kuwaacha wahandisi wachanga wapatao 400 katika Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walikuwa wanataka watu wenye uzoefu, siyo wanaoanza.

Angalia huo mwaka vizuri. Ilikuwa 2019, na ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022. Kwa hiyo shida ya wanaoanza ilikuwepo kabla hata akili mnemba haijaanza kutajwa kwenye vijiwe.

Baada ya hapo ikaja korona. Watu wakajifungia ndani, wakawa wananunua, wanasoma na kufanya mikutano mtandaoni, na kampuni kubwa zikaajiri kama vile hali hiyo itadumu milele. Haikudumu. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022, fedha za kukopa zikawa ghali, na hesabu zikaanza kukataa. Novemba 2022 Meta, wenye Facebook, walipunguza wafanyakazi zaidi ya 11,000. Januari 2023 Google ikatangaza karibu 12,000, Microsoft 10,000 na Amazon zaidi ya 18,000. Wengi wao walikuwa watu waliosoma, wazoefu, na wakaingia sokoni kutafuta kazi zilezile ambazo mwenza wako anazitamani.

Juu ya hapo ongeza akili mnemba. Zana kama GitHub Copilot, iliyofunguliwa kwa watu wote Juni 2022, zinaandika vile vipande vidogo vya programu ambavyo zamani alikuwa anapewa mgeni ofisini ili ajifunze. Ni kama ngazi iliyong'olewa vipandio vya chini. Juu bado kuna watu, na wanalipwa vizuri. Tatizo ni namna ya kufika huko. Anayekuja na cheti cha miezi mitatu peke yake anaingilia kwenye mlango mwembamba kuliko yote.

Chombo kinazeeka, shida za watu hazizeeki

Sasa geukia upande wa vifaa, maana hapo kila mmoja wetu ana ushahidi wake. Nani hakumbuki BlackBerry? Kuna wakati kubadilishana pini ilikuwa ndiyo hatua ya kwanza ya mapenzi, na kama huna pini, kaka, huna lako. Tarehe 4 Januari 2022 kampuni hiyo ilizima huduma za simu zake zile za zamani, na zikabaki kuwa mapambo ya kabatini. Nokia, iliyokuwa inatawala dunia wakati iPhone inaingia sokoni mwaka 2007, iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft, na mauzo hayo yakakamilika Aprili 2014. Adobe Flash, iliyowapa watu kibao kazi ya kutengeneza tovuti zenye mbwembwe, ilifikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2020.

Waliojenga maisha yao juu ya vyombo hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa mafundi. Ila chombo kilipokufa, aliyekuwa anajua chombo tu alianza upya, na aliyekuwa anajua shida ya mteja alihamia kwenye chombo kingine.

Kuna mfano wa kinyume chake pia. Lugha ya kompyuta iitwayo COBOL ilibuniwa mwaka 1959. Kwa umri huo ni bibi. Lakini Aprili 2020, korona ilipowaacha Wamarekani wengi bila kazi, gavana wa jimbo la New Jersey alijitokeza hadharani kuomba watu wanaoijua COBOL wajitolee, kwa sababu mitambo ya kulipa mafao ilikuwa imeelemewa. Hakuna aliyeipenda COBOL kwa uzuri wake. Imeishi kwa sababu mafao na akaunti za benki za watu vimelala juu yake, na hakuna anayethubutu kuing'oa ovyo.

Funzo lililoko mfukoni mwako

Kwetu sisi mfano mzuri kuliko wote hauhitaji kwenda mbali. M-Pesa ilianza na majaribio nchini Kenya mwaka 2005, ikishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo la kwanza lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo yao kwa simu. Lakini watu wakaanza kuitumia kwa mambo yao: huyu anamtumia yule, mjini inaenda shamba. Wenye mradi wakawa wasikivu, wakaacha walichokuwa wamepanga wakafuata kile watu walichokuwa wanakifanya. Machi 2007 Safaricom ikaizindua kama huduma ya kutumiana fedha, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania.

Teknolojia yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa menyu kwenye laini na ujumbe mfupi, ikifanya kazi hata kwenye simu ya bei rahisi kabisa. Kilichokuwa cha thamani ni kuelewa kwamba kijana aliye mjini anataka mama yake apate fedha leo, bila kumpa kondakta bahasha na kuomba Mungu.

Ndiyo maana swali la kumuuliza mwenza wako siyo "utasoma lugha gani?" Muulize: "Unataka kumtatulia nani nini?" Hapo ndipo kazi yake ya sasa, ile aliyoichoka, inapogeuka kuwa mtaji. Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nesi anajua faili za wagonjwa zinapotelea wapi. Mhasibu anajua mashine za EFD, makato ya NSSF, na vurugu ya kutafuta kontroo namba saa kumi na nusu siku ya mwisho ya malipo. Mtu wa bandarini anajua ni karatasi ipi inamkwamisha mteja. Akili mnemba inaweza kuandika programu ya madeni ya duka kwa dakika chache. Haijui kwamba mwenye duka wa Kariakoo anaandika wadeni wake kwa majina ya utani, na hataki shemeji yake anayemsaidia jioni aone nani anadaiwa nini. Anayejua hilo, akaongezea ujuzi wa kompyuta, hahesabiwi tena kuwa mgeni hata kama ana mwaka mmoja tu wa kusoma.

Tena kompyuta siyo kuandika programu peke yake. Kuna kupima programu kabla hazijafika kwa wateja, kuchambua takwimu, usalama wa mitandao, kufundisha watumiaji. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Hospitali, shule na vikundi vya kuweka na kukopa sasa vina wajibu wa kulinda taarifa za watu wao. Hiyo ni kazi ambayo mtu wa utawala au sheria anaweza kuingia nayo kwa mlango wa mbele.

Kabla hamjanunua laptopu

Kosa la wengi ni kuanza na dukani. Simu mpya, laptopu inayong'aa, kiti cha kuzunguka, na mwezi wa pili hamu imekwisha. Kwa kuanzia inatosha laptopu iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 8 na diski ya SSD. Lakini uwe macho: Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba haziwezi kupokea Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida. Muulize muuzaji kabla hujatoa fedha. Kama haiwezi, bei ishuke, na unaweza kuiwekea Linux ambayo ni bure.

Masomo nayo yapo ya bure kabisa. CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard iko mtandaoni, freeCodeCamp vilevile. Gharama yako ni bando na usingizi. Kwa hiyo anayesema hawezi kuanza mpaka alipiwe ada ya mamilioni, mwambie taratibu aanze na hayo kwanza.

Kaeni chini wawili

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla barua ya kuacha kazi haijaandikwa, jibuni maswali haya pamoja, kwa karatasi na kalamu.

1. Ameshajaribu? Miezi mitatu ya usiku na wikiendi akiwa bado na ajira itasema mengi kuliko maneno. Akiikimbia akiwa na mshahara, ataikimbia akiwa hana.

2. Akiba ni ya miezi mingapi? Hesabuni kodi, chakula, ada, na ile fedha ya nyumbani kwa wazazi ambayo kila mtu anajifanya ameisahau. Semeni wazi pia akiba ipi haiguswi.

3. Mwisho ni lini? Chagueni tarehe, iandikwe kwenye kalenda. Ikifika na hakuna hata mteja mmoja anayelipa, anarudi kutafuta ajira bila ugomvi na bila kusutana.

4. Kazi za nyumbani atafanya nani? Hapa tuambiane ukweli. Baba akisoma, nyumba nzima inaambiwa inyamaze. Mama akisoma, anaulizwa chakula kiko wapi. Kama mke ndiye anayebadili kazi, saa zake mbili za usiku zilindwe kama ambavyo za mume zingelindwa, mtoto alie asilie.

5. Je, ni lazima aache? Ofisi nyingi zina mfumo mpya ambao hakuna anayetaka kuushughulikia. Anaweza kumwendea bosi wake na kuomba apewe yeye. Uzoefu atakaoupata hapo, tena kwa mshahara uleule, ndio ule ambao waajiri wanaulilia.

Na wewe uliyeulizwa, jibu lako lisiwe kukata wala kubembeleza. Mwambie: "Sawa, mpenzi. Nitajie mtu mmoja tu ambaye shida yake utaimaliza, tukamsikilize Jumamosi." Kama anaye, nendeni wote wawili mkakae na huyo mtu dukani kwake au ofisini kwake, mwone anavyohangaika. Kama hana, hakuna haraka. Barua ya kuacha kazi inaweza kusubiri mpaka ampate.