Haraka ya Mashine na Gharama ya Msikilizaji: Kuhamisha Rekodi za Fasihi Simulizi kutoka Diski za DVD

Shabaha ya makala haya ni kueleza jambo ambalo, kwa mtazamo wa juujuu, laonekana kuwa ni la mafundi wa mitambo peke yao, nalo ni kuhamisha rekodi za video kutoka diski za DVD na kuzisimba upya ili zipate kutazamwa kwa njia ya mtandao. Jambo hili latuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha za Kiafrika kwa kuwa rekodi nyingi za nyanjani, yaani ngano, nyimbo, ngoma, majibizano ya mashairi na mahojiano na wazee, zilitiwa katika diski hizo mwanzoni mwa karne hii. Baadhi ya wasimulizi wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Diski zenyewe nazo zachakaa, maana rangi inayoshika habari katika diski ya kurekodia hufifia kwa joto na mwanga. Yeyote anayezihamisha leo ni kama mnakili wa miswada ya kale: akikosea, huenda asiwepo wa kumsahihisha.

1. Maana ya maneno

Kabla ya kuingia katika kiini cha mada, hatuna budi kutenganisha vitendo viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Kitendo cha kwanza ni kunakili: kuyatoa yaliyomo katika diski na kuyaweka katika kompyuta jinsi yalivyo, bila ya kubadilisha hata biti moja. Kitendo cha pili ni kusimba upya: kuifumbua picha iliyokwisha kubanwa kwa kanuni moja, kisha kuibana tena kwa kanuni nyingine. Kunakili hakupotezi kitu. Kusimba upya hupoteza, kidogo au sana, na kilichopotea hakirudi.

Mwendo wa vitendo hivi nao watofautiana. Kunakili hutegemea kasi ya kisomeo cha diski. Kwa mwendo wa msingi, kisomeo cha DVD husoma megabaiti 1.385 kwa sekunde, hivyo diski ya tabaka moja, yenye gigabaiti 4.7, huhitaji karibu dakika 57. Visomeo vya kawaida huenda mara kadhaa ya mwendo huo. Kusimba upya, kwa upande mwingine, hutegemea zaidi nguvu ya kompyuta na kiasi cha kazi tunachoitaka ifanye. Hapa ndipo penye hiari, na penye hiari ndipo penye makosa.

2. Jinsi picha inavyobanwa

Picha ya DVD kwa mfumo wa PAL, unaotumiwa katika nchi zetu, ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa kimo, nazo hupita picha 25 kwa kila sekunde. Kama picha hizo zingeandikwa zote bila kubanwa, hata baada ya kupunguza habari za rangi kama ilivyo desturi, zingehitaji yapata megabiti 124 kwa sekunde, yaani gigabaiti 56 kwa saa moja. Diski nzima ingejaa kwa muda wa dakika 5. Kwa hiyo DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ilitumia kanuni ya MPEG-2, ambayo katika diski hairuhusu picha kupita megabiti 9.8 kwa sekunde.

Kanuni hiyo, pamoja na zilizoifuata, hufanya kazi kwa njia tatu. Kwanza, hutazama picha moja na picha iliyotangulia au inayofuata. Pasipobadilika kitu hapaandikwi upya, na kitu kilichosogea huandikwa tu kwamba kimesogea. Msimulizi akiwa ameketi mbele ya ukuta, ukuta huandikwa mara moja. Pili, kila kipande kidogo cha picha hugeuzwa kuwa jumla ya mawimbi, kwa hesabu iliyotangazwa na Nasir Ahmed na wenzake mwaka 1974, kisha mawimbi membamba ambayo jicho haliyajali hukadiriwa kwa ukali zaidi au kutupwa. Upotevu wote hutokea hapa. Tatu, yaliyosalia huandikwa kwa ufupisho, yanayotokea mara nyingi yakipewa alama fupi.

Kanuni ya H.264, iliyokamilika mwaka 2003, iliongeza njia nyingi za kutafuta mfanano baina ya picha. H.265 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018 zilizidisha utafutaji huo. Kila kanuni mpya yaweza kutoa faili ndogo kuliko iliyoitangulia kwa ubora ulio sawa, lakini hudai hesabu nyingi zaidi. H.264 ingali ndiyo inayofunguliwa na takriban kila simu na kompyuta, nayo yafaa kwa darasa lenye vyombo vya kila aina.

3. Mafiga matatu

Msomaji ataelewa zaidi akiyafikiria mambo matatu kama mafiga: muda wa kusimba, ukubwa wa faili na ubora wa picha. Hakuna figa liwezalo kusogezwa bila chungu kuinama.

Watu wengi hudhani kwamba ukubwa wa faili hutokana na urefu wa muda uliotumika kuisimba. Sivyo. Ukubwa ni zao la kima cha biti kwa sekunde na urefu wa rekodi. Saa moja kwa megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 2.25; saa hiyo hiyo kwa megabiti 1 ni megabaiti 450. Muda wa kusimba huamua kitu kingine, yaani jinsi biti hizo zitakavyotumiwa kwa busara. Programu ya x264, kwa mfano, ina ngazi 10 za mwendo. Katika ngazi ya haraka, programu hutazama mahali pachache tu inapotafuta mfanano. Isipouona, huandika kipande kizima upya. Katika ngazi ya polepole, hutafuta kwa mapana, hulinganisha picha nyingi zaidi na hupima njia kadhaa kabla ya kuchagua.

Kwa sababu hiyo, tukishika kima cha biti kisibadilike, ngazi ya polepole hutupa picha bora zaidi; tukishika ubora, hutupa faili ndogo zaidi. Programu hiyo ina kipimo cha ubora kinachoanzia 0 hadi 51, chenye 23 kama kawaida yake. Namba ikipungua ubora huongezeka, na kuongeza namba kwa 6 hupunguza ukubwa kwa karibu nusu. Anayetumia kipimo hiki hajui faili itakuwa kubwa kiasi gani mpaka kazi iishe. Anayetaka ukubwa maalumu hana budi kuipitisha rekodi mara mbili, mara ya kwanza kuichunguza na mara ya pili kuiandika.

Hata hivyo, polepole nayo ina mpaka. Kila ngazi ya chini hutumia muda mwingi zaidi kwa faida inayozidi kupungua. Ngazi ya mwisho kabisa imepewa jina la plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake, na wenyewe walioipa jina hilo walijua walisemalo.

Kuna pia visimbaji vilivyojengwa ndani ya mitambo yenyewe, kama vile vya Intel tangu mwaka 2011 na vya NVIDIA tangu mwaka 2012. Hivi huenda kwa kasi kubwa sana, bali kwa kawaida huhitaji biti nyingi zaidi kufikia ubora wa programu iliyopewa wasaa.

4. Ni nani alipaye haraka yetu?

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba rekodi ya saa moja imesimbwa kwa haraka ikahitaji megabiti 1.5 kwa sekunde, yaani megabaiti 675. Nayo ingaliachiwa usiku mzima ingalihitaji megabiti 1, yaani megabaiti 450, kwa ubora ule ule. Tofauti ni megabaiti 225. Mbele ya kompyuta ya idara, tofauti hiyo si kitu. Lakini darasa lina wanafunzi 40, na kila mmoja aitazama rekodi kwa simu yake, kwa data aliyoinunua mwenyewe. Jumla yafikia gigabaiti 9 kwa kila mara darasa linapotazama. Mashine huilipa polepole mara moja, nayo hulipa kwa umeme wa usiku mmoja. Haraka yake hulipwa na kila mtazamaji, mwaka baada ya mwaka. Kazi inayofanywa kwa ajili ya wengi, basi, yastahili kupewa wasaa.

5. Yanayokula biti

Rekodi mbili zenye urefu sawa hazihitaji biti sawa. Mzee aliyeketi huhitaji chache. Ngoma ya usiku kando ya moto huhitaji nyingi, kwa kuwa miali, vumbi na miguu ya wachezaji havitulii. Rekodi zilizotoka katika kanda za video kabla ya kutiwa katika diski zina chengachenga, na programu, isiyojua lipi ni ngoma na lipi ni uchafu, huviandika vyote.

Aidha, rekodi nyingi za PAL zina nusu-picha 50 kwa sekunde zilizofumwa pamoja. Zisipofumuliwa vizuri, mkono wa mpiga ngoma huonekana kama kitana. Kukuza picha ipite nukta 576 kwa kimo hakuongezi habari yoyote. Huongeza ukubwa tu.

6. Sauti

Kwetu sisi, kosa kubwa zaidi ni kubana sauti. Sauti kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua megabaiti 58 tu kwa saa. Kuipunguza kwa nusu kwaokoa megabaiti 29, ilhali kwaweza kuharibu kile tulichokwenda nyanjani kukitafuta. Katika Kimvita, paa la nyumba na p'aa wa mwituni hutenganishwa na pumzi ifuatayo mpasuko wa midomo. Ndivyo lilivyo tembo linywewalo na t'embo mwenye mkonga. Kubana kwa nguvu hutapanya milipuko mifupi ya namna hiyo, hata mlipuko ukatanguliwa na kivuli chake. Sikio la mtazamaji huenda lisitambue. Vipimo vya mwanafonetiki vitapotoka. Uchunguzi wa sauti na ufanywe kwa nakala ya asili daima.

7. Utaratibu unaofaa

Mwandishi wa makala haya aliyajua mengi ya haya kwa hasara. Alipata kusimba upya diski tatu za majibizano ya mashairi kwa ngazi ya haraka kupita zote na kwa kima kidogo cha biti, akaziona faili zikicheza vyema katika kioo cha simu, asijishughulishe kuzinakili diski zenyewe. Miaka michache baadaye, alipotaka kuchunguza ishara za uso za washairi, alikuta miraba badala ya nyuso. Na aliporejea kwenye diski, moja haikusomeka tena.

Kwa hiyo yapasa kwanza kunakili diski nzima na kuihifadhi nakala hiyo jinsi ilivyo. Diski 100 zilizojaa ni gigabaiti 470, nazo zaingia katika diski kuu moja ya terabaiti 1. Zifanywe nakala mbili, zikae mahali pawili mbalimbali. Pili, achukue dakika mbili za sehemu iliyo ngumu kuliko zote, azisimbe kwa ngazi na vipimo vichache, kisha azilinganishe katika kioo kikubwa. Tatu, akishachagua, aziache rekodi zote zisimbwe usiku kwa ngazi iliyo chini kidogo ya wastani, akiwekea kima cha biti ukomo wa juu ili mtandao dhaifu usikwame penye ngoma kali. Nne, kila faili mpya itoke katika nakala ya asili, wala isitoke katika faili iliyokwisha kubanwa, maana nakala ya nakala hurithi makosa ya zote mbili.

Ni muhimu kuongeza kwamba haya yanahusu rekodi ambazo idara yenyewe ina haki nazo. Diski za kibiashara zina wenyewe, na kufuli zilizotiwa ndani yake zalindwa na sheria ya hakimiliki. Vivyo hivyo, mzee aliyekubali kurekodiwa kwa ajili ya darasa hakukubali kwa hilo peke yake kwamba sauti yake itiririke duniani kote. Yeye au jamaa zake waulizwe kwanza.

Kwa muhtasari, mwendo wa mashine, ukubwa wa faili na ubora wa picha ni mambo ya kupimwa pamoja. Kanuni zitazidi kubadilika, na faili tunazoziona ndogo leo zitaonekana kubwa kesho. Aliyehifadhi nakala ya asili ataweza kusimba upya kila kanuni bora itokeapo. Aliyehifadhi faili ndogo peke yake atabaki nayo jinsi ilivyo.