Wakili wa asiye na fedha: msaada wa kisheria wa bure mjini Goma

Msaada wa kisheria wa bure ni kazi ya kumpatia mtu asiye na uwezo ushauri, maandishi na wakili, ili haki aliyopewa na sheria isiishie kwenye karatasi. Mjini Goma, makao makuu ya jimbo la Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kazi hiyo imebebwa na makundi matatu ambayo hupokezana kesi kila mara. Kuna Baro, yaani chama cha mawakili kilichoandikwa kwenye Mahakama ya Rufaa. Kuna mashirika ya raia, mojawapo likiwa Dynamique des Femmes Juristes, shirika la wanawake waliosomea sheria. Na kuna maparajurista, wasaidizi wasio mawakili wanaoishi katika kartie na vijiji vilevile wanavyovihudumia. Wanaowafikia ni wajane wanaofukuzwa kwenye parseli, yaani viwanja vyao, watu waliokimbia vita wakaacha karatasi zao nyuma, watoto wasioandikishwa popote, wanawake waliobakwa, na vijana waliofungiwa kwenye kasho, chumba cha mahabusu cha polisi, bila mtu wa kuwasemea.

Msingi wa kazi hii katika sheria ni wa zamani. Amri-sheria nambari 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, inayopanga uwakili nchini Kongo, inalitaka baraza la kila Baro liwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ikakazia: kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, tena katika lugha anayoielewa, na asizuiliwe na polisi zaidi ya saa 48, na kifungu cha 19 kinampa haki ya kuwa na mtetezi katika kila hatua, kuanzia upelelezi. Kilichopungua miaka yote hii ni fedha. Wakili anayeteuliwa na ofisi ya ushauri wa bure, ambaye mara nyingi ni kijana aliye bado kwenye mafunzo ya uwakili, kwa kawaida hujilipia usafiri wa pikipiki, karatasi na nakala. Akiitikia kesi ya kwanza kwa moyo, ya tano itamshinda, kwa kuwa naye ana nyumba ya kulipia na watoto wa kulisha. Huduma ambayo taifa zima limeahidi imeachwa itegemee mfuko wa mtu mmoja.

Thamani ya msaada huu huonekana mapema zaidi kwenye kasho. Parajurista anayezuru kituo cha polisi huanza na daftari la waliozuiliwa: jina, saa ya kuingia, kosa linalodaiwa, jina la OPJ, ofisa wa polisi mwenye mamlaka ya upelelezi. Akikuta mtu ameingia Jumatatu na sasa ni Alhamisi, ana hoja tayari, kwa sababu saa 48 zimekwisha na mtu huyo anapaswa kuachiliwa au kupelekwa parke, kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka. Baada ya daftari huja PV, maandishi ya mahojiano. PV huandikwa kwa Kifaransa, na aliyehojiwa huenda anajua Kiswahili, Kinande au Kinyarwanda tu. Mtu akitia kidole chake kwenye ukurasa asioweza kuusoma, ukurasa huo utamfuata hadi mbele ya hakimu. Kumsomea na kumfafanulia kabla hajatia sahihi huchukua nusu saa, na nusu saa hiyo huweza kumwepusha na miezi gerezani. Wengi walio kwenye kasho wako pale kwa deni, ingawa deni ni kesi ya madai na halimfungi mtu.

Anayekosa msaada huo hupelekwa gerezani kusubiri. Gereza la Munzenze mjini Goma lilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 350, lakini kwa miaka mingi lilijaa maelfu, wengi wao mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Mambo yalizidi kuwa mabaya tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, ilipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi zisizokuwa na watu wa kutosha kuzibeba. Tarehe 27 Januari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wakiingia mjini, wafungwa walivunja gereza na moto ukawaka. Umoja wa Mataifa uliripoti kwamba wafungwa wanawake wasiopungua 165 walibakwa na wafungwa wanaume, na wengi wao wakafia motoni. Mahabusu anayekaa ndani bila hukumu kwa sababu hana wakili amewekwa kwenye hatari ambayo hakuna hakimu aliyeiamuru.

Nje ya jinai, ugomvi mkubwa wa Goma ni wa ardhi. Sehemu ya mji huu ilifunikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002, mji ukaguswa tena kwenye kingo zake Mei 2021, na kila mara mipaka ya viwanja imepotea pamoja na karatasi zilizoungua. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Dola, na haki ya mtu juu yake huthibitishwa kwa cheti cha uandikishaji kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Familia nyingi hazina cheti hicho. Zina karatasi ya mauziano iliyotiwa sahihi na majirani na chefu wa kartie, basi. Mwenye fedha na marafiki ofisini anaweza kujipatia cheti juu ya kiwanja kinachokaliwa na mwingine, na ikishapita miaka miwili tangu kitolewe, kukipinga mahakamani karibu hakuwezekani. Kwa mjane asiyejua kwamba saa inahesabu, miaka miwili hupita akiwa anazunguka kwa chefu, kwa mchungaji na kwa shemeji.

Mjane huyo ana silaha, laiti angeambiwa. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyoishi na vyombo vyake, na inawaweka watoto wa marehemu mbele ya ndugu zake katika urithi. Ndugu wanaokuja kuchukua funguo siku chache baada ya mazishi mara nyingi huamini kwamba mila iko upande wao. Barua moja yenye mhuri wa wakili, au kikao kimoja ambapo parajurista anafungua kitabu na kusoma kifungu mbele ya wazee, humaliza mengi kabla ya mahakama. Kazi kama hii haiandikwi magazetini, lakini ndiyo inayomwacha mama na watoto wake chini ya paa lao.

Kesi za ubakaji ndizo zilizovuta fedha nyingi zaidi kutoka nje. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006 zilibadili mambo: uchunguzi wa awali usizidi mwezi mmoja, hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu, aliyetendewa awe na wakili katika hatua zote, na polisi wasikubali kufunga kesi kwa faini. Mwaka 2008 shirika la mawakili wa Marekani, ABA, lilianza kazi Goma kupitia mpango wake wa utawala wa sheria, na likashirikiana na hospitali ya HEAL Africa. Hekima ya mpango huo ilikuwa kumweka mwanasheria karibu na daktari. Mwanamke aliyefika kutibiwa hakulazimika kuanza safari nyingine ya kutafuta ofisi asiyoijua. Cheti cha daktari kilipatikana mapema, na kama alichagua kushtaki, kesi ilianza ikiwa na ushahidi.

Kesi kubwa mbili zinaonyesha msaada huo unaweza kufika wapi na unakwama wapi. Ya kwanza ni ya Minova, ambako askari wa serikali waliwabaka wanawake wengi Novemba 2012 baada ya kuikimbia Goma. Mahakama ya kijeshi ya operesheni ilianza vikao mwishoni mwa 2013, ikahamia Minova Februari 2014 ili waathiriwa watoe ushahidi wakiwa wamefunikwa nyuso, na tarehe 5 Mei 2014 ikatoa hukumu. Kati ya washtakiwa 39, wawili tu walitiwa hatiani kwa ubakaji, na mahakama ya aina hiyo haina rufaa. Ya pili ni ya Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi lenye silaha, aliyehukumiwa Goma kifungo cha maisha tarehe 23 Novemba 2020. Kesi yake ilihusu, pamoja na mengine, mashambulio ya Walikale ya mwaka 2010 ambamo Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 387 waliobakwa kwa siku chache. Miaka kumi ilipita kati ya kosa na hukumu. Hakuna mradi wa miezi kumi na minane unaoweza kumsindikiza mwathiriwa kwa umbali huo.

Hapo ndipo suala la fedha linapoanza kueleweka. Wengi hudhani gharama ya msaada wa kisheria ni mshahara wa wakili, na kwamba wakili akijitolea basi imekwisha. Lakini kesi ya kiwanja ina amana ya kuiandikisha, malipo ya kupeleka wito, safari ya mahakimu kwenda kukiona kiwanja chenyewe, nakala ya hukumu, ada ya asilimia juu ya fidia, na hatimaye gharama za utekelezaji. Hati ya umaskini huondoa baadhi ya malipo hayo, lakini nayo hutafutwa kwa kwenda na kurudi. Kwa kesi za mbali kuna mahakama za safari: hakimu, mwendesha mashtaka, karani, mawakili wa pande zote, walinzi, magari, chakula na malazi kwa siku kadhaa. Mshtakiwa naye awe na mtetezi, maana hukumu iliyotolewa bila utetezi ni hukumu dhaifu. Wafadhili hupenda kumlipia aliyeumizwa na husita kumlipia anayeshtakiwa, lakini anayetaka hukumu isimame lazima alipie vyote viwili.

Kuna sehemu ya gharama ambayo karibu kila bajeti huiacha: yanayofuata baada ya hukumu. Mahakama za Kongo zimeamuru fidia mara nyingi, nyingine dhidi ya Dola yenyewe, na malipo yamekuwa ya nadra. Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imeunda mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, kwa waathiriwa wa ubakaji wa vita na wa makosa makubwa ya kimataifa. Ni hatua nzuri, lakini kujiandikisha huko nako kunahitaji mtu anayejua kujaza faili na kulifuatilia.

Fedha za kazi hii zilitoka zaidi nje: Marekani, Umoja wa Ulaya, mashirika ya Umoja wa Mataifa, na mashirika kama Avocats Sans Frontières la Ubelgiji. Udhaifu wa mpango huo ulidhihirika Januari 2025. Tarehe 20 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na wiki moja baadaye Goma ikabadili mikono. Mashirika yaliyokuwa na fedha hayakuweza kuzitoa, maana benki zilifungwa. Yaliyotegemea Washington yakakosa fedha zenyewe. Mahakama za serikali zikasimama. Makambi ya waliokimbia vita kandokando ya mji yakavunjwa Februari, na watu waliokuwa na kesi wakatawanyika pamoja na namba zao za simu.

Majirani wametafuta njia za kupunguza utegemezi huo. Tanzania ilipata mwaka 2011 mfuko wa pamoja, Legal Services Facility, unaokusanya fedha za wafadhili na kuzigawa kwa mashirika ya wasaidizi wa kisheria wilayani, na sheria ya mwaka 2017 ikawatambua wasaidizi hao rasmi. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2016 na kuunda chombo cha taifa cha msaada wa kisheria. Faida ya mfuko wa pamoja ni kwamba shirika dogo haliandiki ripoti tano kwa wafadhili watano, na mmoja akiondoka nyumba haianguki yote. Kongo ina sera ya mageuzi ya sheria ya miaka 2017 hadi 2026, lakini wakili wa ushauri wa bure Goma bado hana pa kupeleka risiti yake ya pikipiki.

Kwa anayetaka kuchangia leo, awe kanisa, chama cha wafanyabiashara au Mkongo aliye ng'ambo, fedha kidogo zinazokuja kila mwezi zina faida kuliko kiasi kikubwa kinachokuja mara moja na kuishia kwenye semina. Posho ya parajurista, simu yenye salio, kabati lenye kufuli na nauli ya shahidi ndivyo vinavyoiweka kesi hai. Kitivo cha sheria cha chuo kikuu cha ULPGL na kile cha Chuo Kikuu cha Goma vinatoa vijana kila mwaka. Wakisimamiwa na mawakili wazoefu wanaweza kuandika barua na maombi mengi kwa gharama ndogo. Mchangiaji aulize idadi ya walioachiliwa kasho na viwanja vilivyookolewa, asiridhike na idadi ya waliohudhuria mafunzo.

Bila mahakama za serikali, kazi imebadilika sura lakini haijakoma. Migogoro ya mipaka na urithi husuluhishwa kwa vikao na kuandikwa, nakala moja kwa kila upande na moja ofisini. Ubakaji hauletwi kwenye suluhu. Aliyetendewa hupelekwa hospitali, na maelezo yake pamoja na cheti cha daktari huhifadhiwa mahali salama hadi hakimu apatikane. Watoto waliozaliwa makambini na kupitisha siku 90 za kuandikishwa watahitaji hukumu ya mahakama ya watoto ili wapate cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo majina yao, ya wazazi wao na ya mashahidi wa kuzaliwa kwao huandikwa sasa, mashahidi hao wakiwa bado wanapatikana.