Ule ukijani wa dimbwi si chakula cha nguruwe

Mwezi huu siandiki juu ya daftari na mitihani, naandika juu ya nguruwe. Na naanza na kosa langu mwenyewe.

Darasani nilikuwa nafundisha vyakula vya kujenga mwili. Nikasema kuna mwani mdogo sana, mmoja mmoja hauonekani kwa macho, unaitwa spirulina, na ukikaushwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Maharage ni kama robo tu. Nikaongeza kwamba Ulaya na Marekani wamejaribu kuwapa watoto wa nguruwe. Kengele ikalia, nikafunga kitabu.

Kijana mmoja alibeba maneno hayo mpaka nyumbani. Mama yake alikuwa na nguruwe jike aliyezaa tisa, na hesabu ilishapigwa: auze watano, alipe pesa ya mtihani ya kijana na dada yake. Kuwaachisha ziwa tu, wakaanza kuhara. Basi kijana akachukua ndoo, akashuka bondeni kwenye dimbwi, akachota ule utando wa kijani akauchanganya na pumba. Asubuhi yake wawili hawaamki, jioni wa tatu akafuata. Waliwazika, hawakuwala, na hapo walifanya vizuri. Mama alikuja shuleni, hata hakunipigia kelele. Aliuliza tu: "Mwalimu, ni wewe ulimwambia?" Nikasema: "Ndiyo mama, ila sikumaliza kumwambia."

Sasa namalizia hapa.

Si kila kijani cha majini ni spirulina. Yenyewe inapenda maji ya magadi, kama ziwa Nakuru na Bogoria kule Kenya, ambako ni chakula cha flamingo na ndiyo inawapa ile rangi ya waridi. Huko Kanem nchini Chad, akina mama wanaichota kwenye vidimbwi vya magadi, wanaikausha juani juu ya mchanga, wanaipikia mchuzi; wanaiita dihe. Dimbwi letu hapa Nakivale ni maji baridi, tena mvua inaleta mavi ya mifugo. Humo huota aina nyingine, kama ile inayofanya ziwa Viktoria lionekane limemwagiwa rangi ya mlango, upande wa Kisumu na upande wa Kampala. Baadhi yake ina sumu inayoharibu ini, na ukichemsha sumu haitoki. Ng'ombe na mbwa wamekufa kwa kunywa maji ya namna hiyo katika nchi nyingi. Wale watatu hakuna aliyewapima. Labda ni kuhara kwenyewe, lakini siwezi kuapa.

Je, wenzetu wanaihangaikia ya nini? Mtoto wa nguruwe tumbo lake limezoea maziwa. Ukimtoa kwa mama ghafla, chakula kigumu hakisagiki vizuri, anahara. Ulaya walitegemea dawa: antibiotiki za kukuza mifugo zilikatazwa 2006, na zinki nyingi ya kuzuia kuhara ikakatazwa 2022. Kwa hiyo wanatafuta kitu kingine. Mwani wenyewe wanaufuga kwenye matangi safi, wanaukausha na kuusaga. Na faida yake? Majaribio ya Kansas, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 2000, waliweka mpaka kilo 2 katika 100 za chakula, na nguruwe hawakuwazidi wengine sana. Aina nyingine, klorela, ina ganda gumu, lisipovunjwa mengi yanapita tumboni bure. Na bei yake si ya mtu wa kambini.

Mimi naona hata ungeuzwa hapa sokoni nisingemshauri mama aununue. Mukene ipo, ile wengine wetu tunaita ndagala. Soya ipo. Katika kilo 10, weka 7 za mahindi yaliyosagwa, 2 za soya, 1 ya mukene. Mukene uichekeche, maana ya bei rahisi inaanikwa chini na nusu ni mchanga. Soya lazima ikaangwe kwanza: mbichi inazuia tumbo kusaga protini, na kwa wadogo ndiyo mbaya zaidi. Hapo wengi wetu tunakosea, tunalaumu nguruwe.

Anza kuwaonjesha kidogo kidogo wakiwa na wiki 3, bado wananyonya, ili wakifika wiki 8 tumbo limeshajua. Siku ya kuwaachisha, mtoe mama, wao wabaki kwenye banda lao walilozoea. Maji safi yasikose. Na maziwa ya nguruwe hayana madini ya chuma ya kutosha, kwa hiyo siku za mwanzo daktari wa mifugo awachome sindano ya chuma. Asiyeweza, awawekee udongo mwekundu safi, usiotoka mahali nguruwe wamepita.

Wale sita waliobaki wanakula mchanganyiko huo sasa, kuhara kumepungua. Pesa ya mtihani bado haitoshi, nami nimeahidi kuongezea kidogo kutoka posho yangu. Kijana amerudi darasani, anakaa kiti cha nyuma. Mwenye swali anikute shuleni baada ya saa nane.