Fahamu: Kuzoea intaneti si kujua kupima habari za afya
Mwanafunzi wa uuguzi anayeshinda mtandaoni si lazima awe mweledi wa habari za afya. Kipimo maarufu cha uwezo huo, eHEALS, kilichotungwa na Norman na Skinner mwaka 2006, kina maswali 8 kuhusu jinsi mtu anavyojiamini. Hakimpi habari ya uongo aichambue. Na uongo huweza kutoka hata mahali panapoheshimika: makala ya daktari Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, ilitoka katika jarida la kitabibu la Lancet lenyewe, ikafutwa 2010, na dai lake bado linazunguka. Wapo wanaosema kizazi cha simu kitajifunza chenyewe. Sikubali. Simu humzoeza mwanafunzi kutafuta. Kuuliza nani kaandika, na kwa ushahidi gani, kunahitaji mwalimu, darasani na wodini, kabla hajaulizwa na mama aliyeshika kadi ya kliniki ya mwanawe.