Lipu Inayokataa Ukuta

Fundi lipu mzoefu akiitwa kuangalia nyumba ya zamani, haanzi kwa kuchanganya saruji. Hugeuza mwiko, akagonga ukuta kwa mpini, akihama shubiri kwa shubiri kutoka mlangoni hadi kona. Palipo pazima hutoa mlio mfupi na mzito. Palipoachana hulia kama debe tupu. Hapo fundi anajua kwamba nyuma ya lipu ile iliyopakwa rangi ikapendeza kuna uwazi mwembamba, na kwamba masika ya mwaka mmoja tu yanaweza kuliangusha bamba zima.

Mlio huo unafahamika vijijini Bagamoyo. Ukitoka mjini kuelekea Msata, ukapita Makurunge, unaingia Fukayosi, kata ambayo nyumba za bloku zinazidi kuongezeka kando ya lami, huku nyuma yake zikiwa bado zipo nyumba za udongo. Mwenye nyumba ya udongo akipata fedha za mavuno, kwanza hununua bati. Kisha hutamani nyumba yake ipigwe lipu ya saruji ifanane na zile za barabarani. Tamaa hiyo ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba udongo na saruji havipatani, na sababu zake zinajulikana vizuri katika sayansi ya vifaa vya ujenzi.

Itazame kwanza kazi ya kukandika, maana wengi huiona ya kienyeji tu na kuipita. Nguzo husimikwa ardhini, fito zikafungwa kwa mlalo ndani na nje, kwa kamba au misumari. Udongo hukanyagwa kwa miguu na maji hadi uache kushika nyayo ovyo. Mkandikaji hufinyanga tonge, akalisukuma kati ya fito kwa kiganja. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe: tonge lisukumwe kwa nguvu ya kutosha ili udongo upenye, utokeze upande wa pili na kukunjika nyuma ya ufito. Ile sehemu iliyokunjika ndiyo inayoshika. Udongo uliobandikwa juu juu tu, hata ukisawazishwa vipi, huanguka.

Mafundi wa Ulaya na Marekani walitegemea kanuni hiyohiyo kwa karne nyingi. Walipigilia vibao vyembamba vya mbao kwa nafasi, wakasukuma chokaa ipenye na kung'ang'ania kwa nyuma, na kazi ya kupigilia vibao ikawa na mafundi wake. Mwaka 1894 Augustine Sackett alipata hataza ya Marekani ya mabamba mepesi yaliyotengenezwa kwa tabaka za karatasi na jipsamu, na kutoka hapo polepole kazi ya vibao ikaanza kupotea. Huku pwani, ufito haujapotea.

Sasa udongo wenyewe. Mfinyanzi umeundwa na chembe bapa zilizo ndogo kuliko sehemu 2 za elfu za milimita. Maji huingia kati ya chembe hizo na kuzitenganisha. Udongo hufura na kulainika. Maji yakitoka, chembe hukaribiana na udongo husinyaa. Ndiyo maana tabaka la kwanza la kukandika hupasuka likikauka, na wakandikaji hawashtuki: wanasubiri nyufa zimalize kutokea, kisha wanasiriba tabaka la pili lenye mchanga zaidi kuziba nyufa hizo. Mchanga hausinyai, kwa hiyo hupunguza nyufa. Nyasi zilizokatwa na samadi ya ng'ombe husaidia kushikilia. Udongo wa kichuguu hupendwa mahali pengi kwa sababu mchwa wamekwisha kuchambua chembe laini kutoka chini na kuzigandamanisha.

Jambo kuu ni hili: udongo hukauka tu, haubadiliki kikemia. Ukiurudishia maji, unarudi kuwa tope. Kwa hiyo nyumba ya udongo hulindwa na paa lililotokeza na msingi ulioinuliwa, na ukuta wake huishi kwa kunyonya unyevu na kuutoa, mchana na usiku.

Saruji ina tabia nyingine. Huzaliwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, ambamo mawe ya chokaa na udongo huchomwa hadi kuwa kitu kipya. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, aliipatia hataza na jina la Portland mwaka 1824. Hapa kwetu kiwanda cha Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966, na toka hapo mfuko wa saruji umekuwa ndiyo alama ya nyumba bora kwa watu wa pwani. Saruji ikikutana na maji haikauki, inaungana nayo. Maji huingia ndani ya fuwele na ute mgumu unaoshikanisha mchanga, na kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, ndiyo maana wahandisi hupima nguvu zake siku ya 28. Ikishakomaa haifuri kama mfinyanzi, haisinyai kama mfinyanzi, na hupitisha mvuke kwa shida.

Viweke hivyo viwili pamoja kwenye ukuta mmoja, uone. Siku ya kwanza, udongo mkavu hunyonya maji ya lipu mbichi, hivyo lipu hukosa maji ya kukomaa palepale inapogusana na ukuta. Udongo ule hufura kidogo, kisha unasinyaa na kujivuta nyuma. Baadaye mvua hupenya kwenye ufa mwembamba, au unyevu hupanda kutoka ardhini. Kwenye ukuta mtupu, unyevu huo ungetoka wenyewe kwa jua la saa nne. Kwenye ukuta uliofunikwa saruji hauna pa kutokea. Udongo unalainika gizani, nguzo zinaoza, mchwa wanapata njia yenye ubaridi, na kwa nje nyumba inaonekana mpya. Wapo wanaopigilia wavu wa kuku kabla ya lipu. Wavu huzuia bamba lisianguke, lakini hauyatoi maji yaliyo nyuma yake.

Wakarabati wa majengo ya kale duniani kote hufuata kanuni moja hapa: lipu isiwe ngumu kuliko ukuta inaoufunika. Pwani ya Waswahili iliijua kanuni hiyo zamani sana, na ushahidi haupo mbali na Fukayosi.

Uko Kaole, mwendo wa kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo. Msikiti wa kale wa pale unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Makaburi yake yenye nguzo yamekaa kwenye upepo wa chumvi kwa mamia ya miaka. Katika mji wa Bagamoyo wenyewe, nyumba za mawe za karne ya 19 na Boma la Wajerumani la 1897 zilifunikwa kwa chokaa. Lamu na Pate mafundi walikwenda mbali zaidi: katika karne ya 18 walichonga lipu ya chokaa kwa nakshi na kujaza kuta nzima zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, kazi ambayo hadi leo inastahili kutazamwa taratibu.

Kemia ya chokaa ni mzunguko unaovutia. Matumbawe na mawe ya chokaa ni kalsiamu kaboneti. Yakichomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 900, hutoa hewa ya kaboni dioksidi. Katika kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa kali, na kilo 44 huondoka hewani. Chokaa kali ikimwagiwa maji huchemka na kupasuka, mvuke ukafuka, kisha huwa unga au ute mweupe. Ute huo ukipakwa ukutani huanza kunyonya kaboni dioksidi kutoka katika hewa, ukarudi kuwa jiwe lilelile la mwanzo. Safari hiyo ya kurudi ni ya polepole mno, kwa kuwa hewa hupenya kutoka nje kwenda ndani, na lipu nene huchukua miezi na hata miaka. Kwa kuwa haina haraka, huuvumilia ukuta unaocheza. Ufa mdogo ukitokea, maji ya mvua huyeyusha chokaa kidogo na kuigandisha humo humo. Saruji haina uwezo wa kujiziba kiasi hicho.

Halafu kuna chumvi, adui ambaye mtu wa bara hamjui vizuri. Bagamoyo ni mji wa mabwawa ya chumvi. Nunge, upande wa kaskazini, maji ya bahari huanikwa juani hadi chumvi ibaki. Kazi hiyohiyo hufanyika ndani ya kuta bila kuombwa. Chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, na hurudi kuwa fuwele unyevu ukishuka chini ya hapo. Katika pwani yetu hewa ya alfajiri huwa juu ya kiwango hicho, na mchana wa kiangazi mara nyingi hushuka chini yake. Kwa hiyo fuwele zinaweza kuyeyuka na kukua upya siku baada ya siku ndani ya vitundu vya ukuta, na zinapokua husukuma. Ule unga mweupe na rangi inayovimba chini ya dirisha, ambavyo watu wengi huviita fangasi, mara nyingi ni chumvi.

Chokaa yenye vitundu huiruhusu chumvi itoke na kugandia nje. Lipu huliwa, kisha hupigwa upya, lakini jiwe linabaki zima. Lipu ya saruji juu ya jiwe la matumbawe huifungia chumvi ndani, na kinacholiwa ni jiwe. Kwa nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo hilo ni kosa baya, na kila fundi anayepewa kazi pale angepaswa kulijua kabla ya kushika mwiko.

Chokaa nayo ina gharama yake, na si haki kuisifu bila kuitaja. Matanuri ya jadi hula magogo mengi, na kuvunja matumbawe hai huua mazalia ya samaki. Kisiwani Mafia uchimbaji wa matumbawe ulikuwa tatizo kubwa katika miaka iliyozunguka kuanzishwa kwa hifadhi ya bahari mwaka 1995. Lakini chokaa si lazima itoke baharini. Tanga ina mawe ya chokaa ya nchi kavu, ndiyo hayo ambamo maji yamechonga mapango ya Amboni.

Jipsamu, iliyojaa sasa kwenye dari za nyumba mpya, ni jamaa wa tatu. Huchomwa kwa joto dogo, nyuzi 150 hivi, na ikichanganywa na maji hushika kwa dakika chache tu. Huko Same, Kilimanjaro, huchimbwa Makanya. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji, kwa hiyo huchelewesha moto vizuri. Haifai nje wala chini ya bati linalovuja, kwa sababu maji huilainisha.

Kuta zinahusu hata malaria. Dawa ya kupulizia ukutani hudumu muda mfupi zaidi kwenye udongo mtupu, kwa sababu udongo huinyonya ndani ambako mbu anayetua hawezi kuigusa. Bagamoyo, yenye tawi la Taasisi ya Afya Ifakara linalopima zana za kupambana na mbu, ina sababu ya kutaka kuta laini. Lakini ukuta laini hauhitaji saruji. Ukuta wa udongo unaweza kusiribwa kwa udongo uliochekechwa na mchanga, ukapakwa chokaa tabaka mbili tatu nyembamba kila mwaka kabla ya masika.

Kwa ukuta wa bloku, saruji iko mahali pake. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa kipimo cha saruji moja na mchanga tano unahitaji karibu ndoo 9 za mchanga za lita 20, na kwa unene wa milimita 15 utafunika mita za mraba 11 hivi kabla ya hasara. Fundi akisema mfuko mmoja utamaliza chumba, ulizia vipimo. Mchanga uwe wa mtoni uliochekechwa, kamwe usiwe wa ufukweni. Kuzidisha saruji nako ni kosa, kwa kuwa mchanganyiko mkali husinyaa na kupasuka zaidi. Ndiyo maana wengine huchanganya saruji moja, chokaa moja na mchanga sita. Ukuta uloweshwe kabla. Hakikisha fundi anapewa glavu na miwani, kwani uji wa saruji na chokaa huunguza ngozi na unaweza kupofusha jicho.

Na lipu ikishapigwa, imwagiwe maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Hapo ndipo nyumba nyingi huharibika, kwa sababu fundi amekwisha kulipwa na mwenye nyumba yuko Dar es Salaam. Asiyeweza kuwapo saiti amtafute jirani, amlipe kwa kazi hiyo tu, na ahakikishe ukuta haukauki hadi siku ya saba.