Uzamili wa chanjo, au ubaki na ng'ombe wako?

Vijana kadhaa wenye shahada ya kwanza, ambao sasa wanafuga kibiashara, wananiuliza: nikasomee uzamili wa sayansi ya chanjo, au nibaki na ng'ombe wangu? Huwa nawajibu kwa mfano wa ndigana kali.

Ugonjwa huu huenezwa na kupe wa kahawia wa masikio, na chanjo yake ipo. Asili yake ni utafiti wa Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa vimelea hai na papo hapo oksitetrasaiklini inayokaa muda mrefu mwilini. Vimelea vinaamsha kinga, dawa inavizuia visimuue mnyama.

Sasa shida iko hapa. Chanjo hiyo hutunzwa kwenye mtungi wa nitrojeni, kama mbegu za uhimilishaji, na mrija mmoja una dozi nyingi. Ukishauyeyusha, haurudi tena kwenye mtungi. Mwenye mitamba mitatu afanyeje? Kwa leo, jikusanyeni na majirani mchanje siku moja.

Kwa kesho, ndiyo kazi ya mtafiti. Watafiti wa ILRI, Nairobi, wamefanyia kazi protini iitwayo p67, iliyo juu ya kimelea kabla hakijaingia kwenye seli nyeupe za damu. Lengo ni ng'ombe atengeneze antibodi za kukiwahi. Kikishaingia ndani, antibodi hazikifikii. Hapo zinahitajika seli T, zinazoua seli iliyoambukizwa. Mambo hayo ndiyo utakayosoma, na wewe uliyezika ndama utayaelewa upesi.

Ila twende kwa hesabu. Usiuze mitamba kulipa ada kabla hujashika barua ya ufadhili. Muulize msimamizi wako mtarajiwa kama mradi wake una fedha za vitendanishi, maana bila hizo utakaa maabara mikono mitupu. Mkataba wa atakayesimamia banda uandikwe. Na anza leo daftari la kuzaliwa, kuogesha, kuugua na kufa: hapo ndipo swali lako la utafiti litakapotoka.

Kwa anayebaki bandani: ng'ombe aliyechanjwa naye aogeshwe. Chanjo hii haizuii ndigana baridi, maji moyo wala kukojoa damu.